Ameoga, Lakini Kichwa Bado Kinanuka: Maneno kwa Wazazi wa Watoto Wanaokaribia Balehe

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wazazi na walezi wa watoto wa miaka 9 hadi 12. Baadhi ya waliokosa kufika waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika kama yalivyotamkwa.

Ndugu wazazi, ndugu walezi, babu na bibi mnaolea wajukuu, habari zenu. Nawashukuru kwa kuja. Nawashukuru hasa akina baba, maana mada ya nywele ikitajwa wengi hudhani ni mambo ya akina mama peke yao, na leo mtasikia kwamba wavulana wamo humuhumu.

Nianze na swali. Ni nani kati yenu aliyewahi kumkumbatia mwanawe aliyetoka bafuni muda huohuo, pua yake ikakutana na harufu ya uvundo kichwani, akajiuliza: huyu ameoga kweli? Inueni mikono bila haya. Naiona, ni mingi.

Sasa swali la pili. Ni nani aliyemfundisha mwanawe kuosha kichwa? Sisemi kumwosha. Sisemi kumwambia "nenda kaoge, na nywele pia." Nasema kumfundisha, vidole vyake mwenyewe vikiwa kichwani mwake, hatua baada ya hatua, mpaka akajua. Mikono imepungua. Hapo ndipo penye neno langu la leo.

Tazameni inavyokuwa. Mtoto akiwa na miaka 4, 5 au 6, wewe ndiye unayemwosha. Akifika miaka 8 au 9 anaanza kuona haya. Anafunga mlango wa bafu, na ana haki ya kuufunga. Wewe unabaki nje. Miaka hiyohiyo ngozi ya kichwa chake inaanza kubadilika, na anayejua kazi ya kuosha yuko upande wa pili wa mlango. Mtoto huyu anaendelea kukiosha kichwa cha mtoto mdogo, ilhali kichwa hicho hana tena.

Je, hapo mchafu ni nani? Hakuna. Kuna mtoto ambaye mwili wake umekua kabla hajafundishwa namna ya kuutunza.

Naomba tuelewane vizuri kuhusu kinachobadilika, kwa sababu mzazi akijua chanzo hukoma kugomba. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo ziitwazo adrenali. Kwa watoto wengi, wakiwa na miaka 6 hadi 8 hivi, tezi hizo huanza kuongeza homoni za jamii ya androjeni, wasichana kwa wavulana, muda mrefu kabla ya dalili nyingine za balehe kuonekana. Homoni hizo huziamsha tezi za mafuta zilizo kwenye ngozi. Na tezi hizo hazikugawanywa sawasawa mwilini. Uso na kichwa ndivyo vilivyojaliwa zaidi: katika sentimita moja ya mraba zinaweza kuwapo tezi 400 hadi 900. Balehe yenyewe ikifika, kwa kawaida kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana na 9 na 14 kwa wavulana, mafuta huongezeka tena.

Mafuta hayo yakiwa ndiyo kwanza yametoka, hayana harufu ya kutajwa. Harufu huja kwa wanaoyala. Kwenye ngozi ya kichwa cha karibu kila mtu mzima anaishi fangasi mdogo aitwaye Malassezia, aliyepewa jina la Louis-Charles Malassez, mwanasayansi wa Ufaransa wa karne ya 19. Yumo kichwani mwangu, yumo kichwani mwako, na kwa kawaida hana madhara. Lakini anakula mafuta. Anayavunjavunja, anachukua anachokitaka, na kuacha asidi zinazochokoza ngozi. Kwa watu wengine ndizo zinazoleta mba na muwasho. Bakteria nao wana sehemu yao kwenye jasho na seli za ngozi iliyokufa. Ongeza joto, ongeza kofia, ongeza nywele zilizofungwa zikiwa mbichi, ongeza siku kadhaa za kusubiri. Hapo ndipo harufu inapozaliwa.

Jambo moja linalosahaulika sana: mtoto mwenyewe hainusi harufu hiyo. Pua ya binadamu huzoea harufu inayokaa nayo muda wote na kuacha kuisikia. Kwa hiyo unapomwambia "hivi hujisikii unavyonuka?", jibu la kweli ni kwamba hajisikii. Hana kiburi wala hakudharau. Pua yake imezoea, kama ambavyo ingezoea ya kwako.

Nawasimulia habari ya mvulana mmoja wa miaka 11. Alianza kuvaa kofia asubuhi mpaka jioni, hata ndani ya nyumba, hata mezani. Wazazi walikasirika, wakaona ni utovu wa adabu, wakamnyang'anya. Akatafuta nyingine. Kumbe darasani kuna mwenzake aliyesogeza kiti mbali naye huku ameziba pua, na wengine wakacheka. Nyumbani nako alishaambiwa mbele ya wadogo zake, "Kichwa chako kinanuka, nenda kaoge." Kwa hiyo alikificha. Na kofia, kwa joto lake na jasho lake, ikaizidisha harufu ileile aliyokuwa akiifunika. Mtoto alikuwa akijitibu kwa kitu kinachomuumiza, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Aliyemtoa hapo ni mjomba wake. Alimchukua pembeni, wawili tu, akamwambia: "Mjomba, mwili wako umeanza kukua. Kila anayekua kichwa chake huanza kutoa mafuta, na mafuta yakikaa hutoa harufu. Njoo nikuonyeshe namna ya kuyaondoa." Basi. Hakutaja darasa, hakutaja kofia. Baada ya wiki chache kofia ilibaki kwenye msumari wake, na hakuna aliyemlazimisha.

Akina baba, akina mama, chukueni maneno ya mjomba huyu. Semeni na mtoto faraghani. Semeni naye mara moja, kwa sauti ya kawaida, bila mzaha. Anzeni na mwili kukua, kisha harufu, kisha njia ya kuiondoa, na vyote vitatu visemwe katika kikao kimoja. Mtoto akiambiwa tatizo leo na dawa wiki ijayo, siku zile za katikati atazipitisha akijichukia.

Sasa twende kwenye kuosha kwenyewe. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watoto wengi wanapokosea, na kosa lao karibu kila mara ni moja: wanaosha nywele, hawaoshi kichwa.

Kulikuwa na msichana wa miaka 10 ambaye mama yake aliapa kwamba anaosha nywele mara mbili kwa wiki, shampuu nzuri, chupa inaisha haraka. Harufu haikwisha. Siku moja mama akamwomba amwonyeshe anavyofanya, amevaa nguo zake, ameinama kwenye sinki. Mtoto akamimina shampuu nyingi juu ya utosi. Akazikusanya nywele zinazoning'inia, akazisugua kwa viganja, povu likajaa. Akasuuza. Akainuka. Mama akapapasa kisogo cha mwanawe, chini kule shingo inapoanzia. Pakavu! Maji hayakufika. Nyuma ya masikio, pakavu. Wiki baada ya wiki mtoto huyo alikuwa akiosha ncha za nywele, zisizotoa mafuta hata kidogo, na kuiacha ngozi inayoyatoa.

Osheni ngozi. Wafundisheni kuosha ngozi. Povu likiteremka na maji linazitosha nywele zenyewe.

Mtoto aanze na nywele kavu: azichane taratibu kutoka kwenye ncha kupanda juu, afungue mafundo. Nywele zikishikamana, vidole havipenyi. Kisha maji, ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, na yawe mengi. Dakika nzima ya maji peke yake. Atumbukize vidole katikati ya nywele na kuzitenganisha mpaka ahisi maji yanagusa ngozi mbele, juu, pembeni na nyuma. Watoto huruka hatua hii kwa sababu nywele zikishalowa juu huonekana zimelowa zote, na kumbe nywele nyingi, hasa zilizojikunja na kushonana, zinaweza kuyazuia maji yasifike chini.

Shampuu aiweke kiganjani kwanza, kiasi cha sarafu, aongeze kidogo kama nywele ni nyingi. Asugue viganja pamoja ndipo aipeleke kichwani. Asiimimine yote utosini, maana itabaki utosini. Kisha atumie ncha za vidole, sehemu ile laini yenye nyama. Kucha zinakwaruza, na ngozi iliyokwaruzwa inawasha na kupata vidonda. Vidole vizunguke taratibu, visogee, vizunguke tena. Mfundisheni njia isiyobadilika ili asisahau mahali: aanze kwenye paji la uso nywele zinapoanzia, apande hadi utosini, ashuke upande wa kulia mpaka nyuma ya sikio, arudi upande wa kushoto mpaka nyuma ya sikio, amalizie kisogoni mpaka shingoni. Nyuma ya masikio na kisogoni. Nyuma ya masikio na kisogoni! Nayarudia kwa sababu ndiyo maeneo yanayosahaulika, na harufu huanzia hapo.

Asuuze. Chombo chenye mafuta ukikipitishia maji haraka kinabaki kinateleza, na kichwa ni hivyohivyo. Kama siku za katikati zimekuwa nyingi, au amecheza na kutoka jasho sana, arudie shampuu mara ya pili, kidogo kuliko ya kwanza. Mtaona tofauti: mara ya kwanza povu huwa hafifu kwa sababu linapambana na mafuta, mara ya pili linafura. Kisha asuuze muda mrefu kuliko anavyodhani inatosha. Shampuu iliyobaki hukauka kwenye ngozi, huwasha, na hubanduka vipande vyeupe ambavyo wazazi huvidhania mba.

Kondishina ni ya nywele. Iwekwe kuanzia katikati hadi kwenye ncha, isipakwe kwenye ngozi, kisha isuuzwe.

Na kukausha. Ndugu zangu, kukausha! Mtoto anaweza kuosha vizuri kabisa, kisha akafunga nywele mbichi kwa kibanio, au akavaa kofia, hijabu au kilemba juu yake, au akalala nazo. Unyevu na joto vikikaa pamoja saa nyingi, uvundo unarudi kabla ya kesho. Abonyeze nywele kwa taulo safi bila kuzifikicha, azitawanye, aache hewa ifike kwenye ngozi mpaka pakauke kabisa. Kama mnatumia mashine ya kukaushia, joto liwe la chini na isikaribie sana kichwa. Nawasihi pia aoshe mapema jioni, kuliko dakika za mwisho kabla ya kulala.

Mtaniuliza, mara ngapi kwa wiki? Hakuna jibu moja kwa vichwa vyote, na msikubali anayewapa jibu moja. Mtoto wa miaka 8 hadi 12 mwenye nywele zilizonyooka, mara moja au mbili kwa wiki huwatosha wengi. Balehe ikishika kasi na mafuta yakawa mengi, anaweza kuhitaji kila siku au siku moja ndiyo moja siyo. Mwenye nywele za kipilipili, zilizojikunja sana na kukauka upesi, mara moja kwa wiki, au kila baada ya siku 7 hadi 10, kwa kawaida hutosha, kwa sababu mafuta hayasafiri kwa urahisi kwenye nywele hizo na kuziosha kila siku kunazikatakata. Siku za michezo na jasho jingi zinabadilisha hesabu.

Nifike kwenye mafuta ya kupaka, nikijua nagusa jambo ambalo wengi wetu tumelipokea kwa wazazi wetu kwa upendo. Kuna msichana aliyesukwa, kichwa kikaanza kuwasha na kutoa unga mweupe katikati ya mistari. Bibi yake akasema ngozi imekauka, akampaka mafuta. Kesho yake akampaka tena. Muwasho ukazidi, harufu ikaingia, akaongezewa mafuta. Wote waliompaka walikuwa wakimhurumia.

Kumbukeni yule fangasi. Malassezia hawezi kujitengenezea asidi za mafuta mwenyewe. Lazima azipate kwa mwenyeji wake. Ndiyo maana maabara inapotaka kumkuza huweza kumwekea mafuta ya zeituni ili astawi. Sasa mkiwa na ngozi yenye mba na harufu, kisha mkaimwagia mafuta, mnamlisha nani? Mafuta yapakwe kwenye nywele zinazoyahitaji, kwenye urefu wake na ncha zake. Ngozi yenye mba iachwe.

Wala misuko si ruhusa ya kutoosha. Chukueni chupa ndogo yenye mdomo mwembamba, changanyeni shampuu kidogo na maji mengi, mimineni katikati ya mistari, sugueni kwa ncha za vidole, suuzeni kwa maji yanayotiririka mpaka yawe safi, kisha mkaushe mpaka shina la msuko likauke. Hapo msiharakishe, maana msuko mnene hushika maji ndani kwa saa nyingi. Kabla ya kusuka, kichwa kioshwe na kikauke. Na msuko usikae mpaka umesahaulika.

Kuhusu mengine nitapita haraka. Manukato juu ya harufu hayaondoi kitu. Magadi ya kuokea yana ualikali mwingi kuliko ngozi inavyovumilia, na limau au siki kali inaweza kuunguza ngozi iliyokwaruzika. Acheni. Foronya ya mto ifuliwe kila wiki, na pamoja nayo kofia, mitandio na vitambaa vya kulalia. Chanuo, kitana na brashi zioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Kichwa safi kikilazwa kwenye foronya yenye mafuta ya mwezi mzima kinaamka na harufu ya foronya.

Kama mba ni nyingi, zipo shampuu za dawa zenye ketokonazoli, seleniamu salfaidi au zinki pirithioni. Hizo hufanya kazi zikiachwa kichwani kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika 3 hadi 5, kabla ya kusuuzwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 12 muulizeni mfamasia au daktari kwanza.

Na hapa naomba masikio yenu yote, kwa sababu si kila harufu huondoka kwa kuoshwa. Kulikuwa na mvulana aliyeoshwa, akaoshwa, akagombezwa, akanyolewa. Kichwani alikuwa na duara lenye magamba, nywele zimekatika pale karibu na ngozi. Nyumbani walisema ni uchafu. Duara likavimba, likawa laini kama lina maji ndani, likatoa usaha na harufu mbaya, na nyuma ya shingo zikatokea tezi zilizovimba. Yalikuwa mapunye, ugonjwa wa fangasi wa aina nyingine kabisa, unaoingia ndani ya unywele wenyewe. Mapunye hayaponi kwa shampuu peke yake wala kwa krimu ya kupaka. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kama griseofulvini au terbinafini, kwa maelekezo ya daktari. Na huambukiza, kwa hiyo chanuo, kofia na mashine ya kunyolea hazishirikishwi. Uvimbe ule ukicheleweshwa unaweza kuacha kovu ambapo nywele hazioti tena.

Kwa hiyo mkiona sehemu ambapo nywele zimenyonyoka, usaha, maumivu, vidonda, muwasho unaomkosesha mtoto usingizi, au harufu inayoendelea baada ya wiki 4 hivi za kuosha sawasawa, mpelekeni kwa daktari. Na kama ni msichana aliye chini ya miaka 8 au mvulana aliye chini ya 9, na pamoja na harufu mnaona matiti, kukua kwa korodani au nywele za sehemu za siri, hilo nalo daktari alione.

Mbaki pia na huyu mtoto wa mwisho: anayejua kuosha na bado haoshi. Msimwite mvivu kabla hamjamuuliza. Wapo wanaoogopa maji machoni, na kitambaa kikavu mkononi kinawatosha. Wapo ambao kuguswa kichwa, kelele ya bomba au harufu kali ya shampuu inawatesa kweli, wakiwemo watoto wengi wenye usonji. Hao wapewe shampuu isiyo na manukato, mtungi badala ya bomba, na taarifa mapema kwamba leo ni siku ya kichwa. Na yupo aliyekuwa anajipenda, akaacha ghafla kuoga, kuchana na kucheza. Huyo msimfuate na shampuu. Mfuateni yeye, mkae naye, mjue ni nini kimempata.

Mkirudi nyumbani, msianze leo usiku mkiwa mmechoka nyote. Chagueni siku tulivu. Mwosheni mara ya kwanza yeye akitazama, mara ya pili mikono yake ichanganyike na yenu, mara ya tatu aoshe mwenyewe akiwa na nguo zake, nanyi mkitazama tu. Baada ya hapo mlango wake ufungwe. Mkaguzi wenu awe ni foronya na ngozi ya kisogo mnapomkumbatia. Na akifanya vizuri, mwambieni.

Nimemaliza kwa upande wangu. Naona mama pale nyuma aliinua mkono tangu nilipotaja misuko. Karibu, anza wewe.